Ngazi Kumi na Saba

Saa kumi alfajiri unga umeshaumuka,
nami bado nimekaa ukingoni mwa kitanda
nikiutazama mguu wangu wa kulia
kama mgeni aliyekataa kuaga.

Hatua ya kwanza ndiyo yenye neno.
Nikishusha wayo tu sakafuni
mwiba wa taa hunipenya kisiginoni.
Taa samaki, nasema,
kwani taa ya ukutani iko hatua nne mbele
na kila hatua ina bei yake.

Kisha ngazi. Kumi na saba, za mawe,
zimelika katikati kwa nyayo za bibi yangu
na za bibi yake, na hakuna aliyesema zinauma.
Nilizishuka kwa makalio, mimi Mwanamkuu binti Shee,
karai la unga mapajani.

Majirani hawakuchelewa na dawa.
Bi Zuwena alileta mafuta ya ufuta na chumvi ya mawe.
Mwanaamina akasema ni damu nzito.
Somo yangu akaninong'oneza:
"Hebu kumbuka, nani uliyemnyima mahamri ya deni?"
Nikahesabu. Walikuwa wengi.

Hospitali nilimkuta Lali, mwana wa Famau,
mteja wangu tangu hajaota meno.
Akaniminya kwa kidole gumba, pale pale,
nikamtaja marehemu babu yake kwa jina.
"Si mfupa, si jini," akasema.
"Ni ukanda wa chini ya wayo,
umevutwa miaka juu ya saruji, na ndala hizi kama kaki.
Haukatwi, haushonwi. Unabembelezwa."
"Muda gani?"
"Miezi," akajibu, kama mtu asemaye dakika.

Basi nikaubembeleza.
Kabla ya kushuka kitandani, leso vidoleni,
nivute, nihesabu thelathini, niachie.
Leso yenyewe imeandikwa USINIPIME KWA WAYO WAKO.
Nikacheka peke yangu gizani.
Kisha viganja ukutani, mguu nyuma, tafu livutike,
kama ninayeizuia nyumba isianguke.
Jioni, chupa ya maji yaliyoganda
naibingirisha chini ya unyayo, mbele, nyuma,
kama nasukuma chapati.
Siku moja mjukuu wangu aliiyeyusha akainywa.
"Yale maji ya kisigino!" nikamaka.
Akasema yalikuwa matamu.

Na raba. Raba nyeupe za mwanangu, soli nene,
chini ya buibui, njia nzima ya Langoni.
Punda alinipisha.
Wa barazani hawakunipisha:
"Mwanamkuu, mbio ni lini?"

Ikaja harusi ya kina Bwanaheri, mahamri mia nne.
Nikajiona nimepona, nikasimama kutwa.
Kesho yake mwiba ulirudi na nduguze.
Nililia siku ile, na si kwa maumivu,
ni kwa kuona kalenda imegeuka nyuma.
Mwezi mwingine wa kuswali kwenye kiti,
paji la uso likiutamani mkeka.

Sijui ilikuwa alfajiri gani.
Ningependa kusema Ijumaa, lakini sikuangalia.
Nilikuwa nagombana moyoni na bei ya sukari,
nikajikuta chini, karai mkononi,
jiko limewaka, mafuta motoni,
na sikumbuki ngazi hata moja.

Nikasimama. Nikaukanyagia mguu kwa makusudi,
kama mtu abishaye hodi nyumba iliyohamwa.
Kimya.
Nikabisha tena.

Nikapanda juu bila haja yoyote,
nikashuka polepole nikihesabu kwa sauti.
Ni kumi na nane.
Ile ya chini kabisa, miezi yote ile,
nilipoifikia nilikuwa nimeshachoka kuhesabu,
nikaidhania sakafu.

Nilirudia mara ya pili kuhakikisha,
mpaka mafuta yakaanza kuungua.